Mirathi hugawa mali, haisemi nani ashike funguo za duka

Nimeambiwa tena wiki hii, na mtu ninayemheshimu sana: "Sisi Waislamu hatuna haja ya kupanga urithi wa biashara, Qur'ani imeshagawa." Imegawa, naam, Suratun-Nisaa aya ya 11 na 12. Lakini ilichogawa ni mali. Nani ataagiza saruji kesho, fundi yupi bado anadaiwa, hayo ni ya mwenye duka kuyapanga akiwa hai.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi hapa Lamu. Mzee amefariki, wazazi wake walishatangulia, ameacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja: kila binti thumni, kila mwana robo. Jumlisheni. Mama na mabinti wana nusu nzima ya duka ambalo wale vijana wamezoea kuliona lao.

Mwana mmoja ameajiriwa Mombasa. Wa pili ndiye anayefungua mlango tangu amalize shule, anayepokea mifuko ikivushwa kutoka Mokowe na kuwalipa wenye punda. Mshahara hana. Akihitaji pesa, anavuta droo. Siku ya kugawa anapata robo, sawasawa na nduguye, na hapo ndipo salamu zinapokatika. Jasho lake halina fungu, kwa sababu fungu huja kwa uzawa. Ila kama angeandikiwa mshahara na haukulipwa, hilo lingekuwa deni, na deni hutangulia mirathi. Kama angefanywa mshirika kwa maandishi, sehemu yake isingehesabiwa kuwa mali ya marehemu hata kidogo. Mbona tunaona haya kuandikiana na watoto wetu?

Wasia hausaidii hapa: hauvuki thuluthi, na kwa mrithi haupiti ila wenzake waridhie. Kuna hiba, yaani zawadi, mzee akitoa na kukabidhi akiwa hai. Lakini hapo nami husitasita. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kusawazisha watoto katika zawadi ni sunna, si wajibu. Hata hivyo hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambaye babake alimpa yeye peke yake na Mtume akakataa kushuhudia, hunizuia kumshauri mzee ampendelee mmoja. Ndiyo maana nasisitiza mshahara.

Mshahara pia hunyoosha desturi ya duka. Baba akichukua pesa ya samaki, aandike. Shangazi akituma mtoto rangi kopo moja, iandikwe. Wafanyakazi wanatazama.

Mengine ni mepesi. Laini ya M-Pesa na akaunti ya benki visibaki kwa jina la mzee peke yake. Tangu Sheria ya Kampuni ya 2015, hata mtu mmoja anaweza kusajili kampuni. Yeye akifa kampuni ipo, zinazorithiwa ni hisa.

Na mabinti waitwe wasome daftari sasa, wakati baba yupo na anaweza kuwajibu.