Historia ya ulemavu haianzi na ushujaa

Kazi yangu ni kuwaandaa walimu wa maarifa ya jamii. Nikiwaomba wanitajie mtu mmoja mwenye ulemavu wanayemfundisha darasani, wengi humtaja Helen Keller, na wengi humwacha palepale kwenye pampu ya maji mwaka 1887: mtoto wa miaka 6 asiyeona wala kusikia, mkono mmoja chini ya maji, mwalimu wake Anne Sullivan akimwandikia herufi kwenye kiganja cha mkono wa pili. Hadithi nzuri, tena ya kweli. Lakini Keller aliishi hadi 1968. Alihitimu chuo mwaka 1904, akajiunga na Chama cha Kisoshalisti mwaka 1909, na mwaka 1920 akawa miongoni mwa waasisi wa ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia Marekani. Alisema waziwazi kwamba wengi hupofuka kwa sababu ya umaskini na viwanda visivyojali usalama wa wafanyakazi. Hayo tunayatupa, tunabaki na mtoto na pampu. Linaniuma hili, maana tulichokitupa ndicho chenye maarifa ya jamii ndani yake.

Ushauri wangu kwa walimu ni mmoja. Lile swali la "aliwezaje kuushinda ulemavu wake?" liwekeni kando, ulizeni hivi: kizuizi kiliwekwa na nani, na nani alikiondoa? Swali la kwanza humpigia makofi mtu mmoja na kipindi kinaisha. La pili huwafikisha wanafunzi kwenye sheria, bajeti, na majina ya watu waliokaa kikao wakaamua.

Somo ninalolipenda kuliko yote linahitaji picha chache tu. Franklin Roosevelt alipooza miguu mwaka 1921 akiwa na miaka 39, kisha akawa rais wa Marekani kuanzia 1933 hadi alipofariki mwaka 1945. Hadharani alisimama kwa msaada wa vyuma vya miguuni, fimbo mkono huu, mkono ule umemshika mwanawe au msaidizi, na picha zake akiwa kwenye kiti cha magurudumu ni chache mno. Mnara wake wa kumbukumbu ulipofunguliwa Washington mwaka 1997, sanamu kubwa ilimwonyesha ameketi, joho refu limemfunika yeye na kiti. Watu wenye ulemavu walipinga, wakafanya kampeni, fedha zikachangwa, na Januari 2001 ikazinduliwa sanamu nyingine kwenye lango: Roosevelt yuko kwenye kiti cha magurudumu, hakuna kilichofunikwa.

Picha ya ile sanamu ya kwanza nawapa wanafunzi bila maelezo, nawaambia watafute ulemavu. Wanaigeuza picha, wanaisogeza karibu na macho, hawauoni. Ndipo nawapa picha iliyopigwa kutoka nyuma, ambako kuna vigurudumu vidogo visivyoonekana ukiwa mbele. Mjadala huwaka hapo: ikiwa mwenyewe alificha, waliokuja baadaye wana haki ya kumfunua? Nawaacha wabishane. Mimi nina upande wangu: sanamu ya pili ilistahili kuwepo tangu siku ya kwanza.

Kama una kipindi kimoja tu cha haki za kiraia, fundisha Aprili 1977. Kifungu cha 504 cha sheria ya Marekani ya mwaka 1973 kilikataza kuwabagua watu wenye ulemavu katika huduma zinazopokea fedha za serikali kuu, lakini kanuni za kukitekeleza zilikaa karibu miaka 4 bila kusainiwa. Tarehe 5 watu zaidi ya 100 waliingia katika ofisi ya serikali San Francisco, Judy Heumann akiwa kati ya viongozi wao, wakagoma kutoka. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakapeleka ujumbe nje kwa lugha ya alama. Usipite hapo haraka. Waache wanafunzi walione lile dirisha. Wanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi waliopigania haki zao, waliwaletea chakula cha moto, na tarehe 28 kanuni zikasainiwa. Sijapata mfano bora wa kumweleza mwanafunzi tofauti kati ya sheria na kanuni zake.

Lugha za alama ndizo zilizopigiwa kura mjini Milan mwaka 1880, katika mkutano wa kimataifa wa waelimishaji wa viziwi, ziondolewe katika kufundishia viziwi. Waliopiga kura, karibu wote walikuwa watu wanaosikia.

Kitu kimoja naomba mkiache: kuwafunga wanafunzi vitambaa machoni ili "waonje upofu". Nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo. Walipapasa kuta, wakacheka, wengine wakaogopa, na mwanafunzi mmoja mwenye uoni hafifu alikaa kimya kwenye dawati lake hadi mwisho. Kitambaa cha dakika 10 hufundisha hofu ya mtu aliyepofuka sasa hivi. Ustadi wa aliyezoea kusoma kwa vidole hauonekani kabisa. Siku hizi nagawa karatasi ya nukta nundu, nawasimulia Louis Braille aliyebuni mfumo wake mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Ufaransa iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Miongoni mwa waliouzuia walikuwa waelimishaji wanaoona, waliotaka maandishi ambayo wao pia wangeweza kuyasoma kwa macho.

Kwa wanafunzi wakubwa, mada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia haikamiliki bila mpango wa T4, ambamo Wanazi waliwaua kwa gesi zaidi ya watu 70,000 wenye ulemavu na maradhi ya akili kufikia Agosti 1941. Vitabu vya hesabu vya shule za Ujerumani ya Kinazi vilikuwa na maswali yaliyowataka watoto wakokotoe gharama za kuwatunza watu hao. Swali la namna hiyo naliandika ubaoni bila tarakimu, asije mtu akalikokotoa. Kisha nauliza nani alilitunga, nani alikipitisha kitabu, na mwalimu aliyelisoma kwa sauti mbele ya darasa lake alijua nini.