Sheha si diwani

Neno baraza kwetu Unguja lina mambo yake. Ni pale nje tunapokalia kahawa, na ni chombo kinachoendesha mji. Baraza la kwanza hulisema la pili kila alasiri, na mara nyingi hukosea.

Kosa kubwa ni hili: "Sheha tumemchagua wenyewe." Nani kampigia kura? Sheha, yaani msimamizi wa shehia, eneo dogo kabisa la utawala huku kwetu, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya, na wakuu hao wawili huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Kwa hiyo sheha ni mkono wa serikali kuu uliofika mpaka mlangoni kwako. Nenda kwake asubuhi uone: mmoja kaja kutaka barua ya kitambulisho, mwengine ya benki, wa tatu kaja kumshitaki jirani aliyeelekeza maji machafu kizingitini kwake. Sheha anasikiliza, anaandika, anagonga muhuri. Bajeti ya kuzoa taka hana.

Tuliyempigia kura ni diwani. Yeye anatoka kwenye wadi, nasi humchagua katika uchaguzi uleule wa Rais wa Zanzibar na Wawakilishi, unaosimamiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Sheha anahesabiwa upande wa mkoa na wilaya, diwani upande wa baraza la manispaa. Ni njia mbili, zinakutana mtaani tu, ndiyo maana tunazichanganya.

Novemba 2024 shemeji yangu wa Tanga alinipigia simu kuniuliza nimemchagua nani uenyekiti wa mtaa. Sikumchagua mtu, kwa sababu uchaguzi ule ulikuwa wa Bara. Serikali za mitaa si jambo la Muungano, na TAMISEMI anayoisikia kwenye redio, wizara ya Bara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, haina amri huku. Zanzibar ina sheria yake, Namba 7 ya 2014, na wizara yake chini ya Ofisi ya Rais.

Wengine hudhani Manispaa ni moja. Mkoa wa Mjini Magharibi pekee una tatu: Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Mtu wa Bububu, ambako ni Magharibi A, akipeleka shida ya jaa lake Mjini, kapotea njia.

Na Meya? Joho na mkufu vinawadanganya watu. Mstahiki Meya huchaguliwa na madiwani wenzake na huongoza vikao vyao. Shughuli za kila siku, watumishi na fedha zimo mikononi mwa Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais.

Lakini lawama nyingi zaidi huangukia pasipo pake. Taka, masoko, leseni za biashara: hayo ni ya Manispaa, ilaumuni mtakavyo. Nguzo ya umeme ikilala, ni Shirika la Umeme. Nyumba ikiwaka, ni Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, nacho ni idara maalum ya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ukitaka kubomoa roshani Mji Mkongwe, kuna mamlaka nyengine kabisa ya kuhifadhi mji huo.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwandama diwani wetu wiki nzima kwa bomba lililopasuka mbele ya nyumba. Siku ya mwisho akaniambia kwa upole: "Ndugu yangu, hebu kaitazame risiti yako ya maji. Kuna jina la nani pale juu?"