Tui la Nazi Halimo katika Ada: Dhana Potofu kuhusu Programu za Kuhesabu Kalori

Katika mwezi huu pekee, wagonjwa wanne wameketi mbele yangu hapa Lamu na kuniambia maneno yale yale: "Daktari, hesabu yangu ya kalori haiwezi kuwa na makosa, mimi natumia toleo la kulipia la programu ya simu." Wa mwisho alikuwa mama wa miaka 45, mkazi wa Langoni, ambaye mwanawe anayefanya kazi Uarabuni alimlipia ada ya mwaka mzima ili apunguze uzito na sukari yake itulie. Kwa miezi mitatu aliandika kila mlo kwa bidii ambayo ningependa kuiona kwa wagonjwa wangu wote, programu ikamwambia kila jioni kwamba hajavuka kiwango chake, na mizani ya kliniki haikushuka hata kilo moja. Alikuja akiamini kwamba mwili wake una kasoro. Nilipoifungua simu yake tukasoma pamoja alichoandika, kasoro ilionekana katika mstari mmoja wa orodha ya vyakula, na mstari huo ni ule ule kwa anayelipa na asiyelipa.

"Toleo la kulipia lina hesabu sahihi zaidi"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, nami nitaieleza kwa kirefu kwa sababu inawapotezea watu fedha na kuwavunja moyo kwa pamoja. Katika MyFitnessPal, ambayo ndiyo ninayoikuta zaidi katika simu za wagonjwa, bei ya toleo la kulipia iliyotangazwa Marekani ni dola 79.99 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi 10,000 za Kenya. Ada hiyo huondoa matangazo, huruhusu mlo utambuliwe kwa picha, humwezesha mtu kujipangia wanga, protini na mafuta kwa gramu, na tangu mwaka 2022 ndiyo inayofungua usomaji wa ile alama ya mistari iliyo kwenye pakiti. Orodha ya vyakula yenyewe haibadiliki mtu akilipa. Sehemu kubwa ya orodha hiyo imeingizwa na watumiaji wa kawaida, kila mmoja kwa vipimo vyake na makosa yake, na hakuna aliyekwenda jikoni kwao kuhakikisha.

Tulitazame tui la nazi, kwa kuwa ndilo lililomkwamisha mama yule. Ukilitafuta kwa jina lake la Kiingereza, unaletewa vitu viwili tofauti chini ya jina moja. Kimoja ni kinywaji cha katoni kinachonywewa ng'ambo badala ya maziwa ya ng'ombe, nacho kimezimuliwa kwa maji hata kimebaki na takriban kalori 31 katika gramu 100. Kingine ni tui lenyewe, lililokamuliwa kutoka nazi iliyokunwa, ambalo katika majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani lina kalori 230 katika gramu 100, na lisipotiwa maji, kama ilivyo kasimile yetu, linafika 330. Mama yule alichagua cha kwanza kwa sababu ndicho kilichotangulia kwenye orodha, na hakuna kitu chochote katika programu kilichomwonya.

Sasa tuihesabu sufuria yake. Nusu kilo ya mchele mkavu ina takriban kalori 1,800. Tui la gramu 400, kwa namba ya tui la kweli, linaongeza 920, na jumla inakuwa 2,720. Wali ukiiva ukawa na uzito wa gramu 1,400, kila gramu 100 zina kalori 194, na sahani ya gramu 300 ina takriban 583. Kwa namba ya kile kinywaji cha katoni, sahani hiyo hiyo inasomeka 412. Tofauti ni kalori 171 kwa sahani moja, kabla hatujagusa samaki wa kupaka wala mbaazi, ambazo nazo zimepikwa kwa tui. Mtu anayekula wali huo mchana na usiku hukosea kwa zaidi ya kalori 340 kila siku, ilhali upungufu unaopangwa kwa kawaida kwa anayetaka kupungua nusu kilo kwa wiki ni wa kalori 500. Theluthi mbili ya jitihada ya mama yule ilikuwa ikipotea katika mstari huo mmoja, na fedha za mwanawe zisingeweza kuirudisha.

Wapo ambao, wakisikia hesabu hii, huamua kuandika nazi nzima. Huko nako ni kukosea upande wa pili, kwa sababu chicha inayobaki kwenye kifumbu haikuliwa, na imebaki na sehemu ya mafuta ya nazi. Kinachopasa kupimwa ni tui lenyewe linapoingia chunguni.

Ushauri wangu, ambao sitauacha hata nikiambiwa ni wa kizamani, ni kununua mizani ndogo ya jikoni kabla ya kufikiria ada yoyote. Pima sufuria tupu, pima mchele, pima tui na mafuta vinapoingia, kisha pima sufuria ikiwa na chakula kilichoiva na uondoe uzito wa sufuria. Gawanya jumla ya kalori kwa uzito uliopata, uihifadhi katika toleo la bure kama mapishi yako mwenyewe. Ni kazi ya siku moja kwa kila chakula, na baada ya hapo unapima sahani yako tu. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa ukali zaidi kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa kijiko kikubwa kimoja, cha gramu 14, kina takriban kalori 120, na mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka chupani hajui ametia vijiko vingapi. Namba za kuanzia hazina haja ya kutoka Marekani: Serikali ya Kenya na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zilichapisha majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Kenya mwaka 2018, pamoja na kitabu cha mapishi ya vyakula vya mchanganyiko, na vyote viwili vinapatikana bure kwenye intaneti. Tanzania nayo ina majedwali yake ya mwaka 2008. Nimeviweka katika simu za wagonjwa wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Kuna jambo moja ambalo mizani pia haiwezi kulimaliza, nalo ni sinia. Watu wanne wakila pamoja, hakuna programu itakayotenganisha matonge ya kila mmoja. Simshauri mtu yeyote ajitenge na jamaa zake ili namba zinyooke. Hasara yake ni kubwa kuliko faida. Kwa mlo wa sinia, gawanya jumla ya chakula kwa idadi ya walaji na ukubali kuwa hayo ni makadirio, kisha uwe makini katika vile unavyokula peke yako: mahamri ya asubuhi, sukari ya chai, tende na kaimati baada ya magharibi. Kwa wagonjwa wangu wengi, vitu hivyo ndivyo vinavyosahauliwa kuandikwa.

"Nikipiga picha, programu itajua"

Haitajua. Wali wa nazi na wali wa maji hufanana katika picha, na kamera huona juu ya chakula, haioni mafuta yaliyomo ndani yake. Alama ya mistari nayo humfaa anayekula vya pakiti, ilhali samaki, muhogo, mchicha na nazi tunazonunua sokoni hazina alama hiyo. Hata pakiti yenyewe si neno la mwisho, kwa kuwa kanuni za Marekani huvumilia kalori halisi zizidi zilizoandikwa kwa hadi asilimia 20.

"Saa inasema nimechoma kalori 400, kwa hiyo naweza kuzila"

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya kuvaliwa mkononi, kama saa hizo. Vingi vilisoma mapigo ya moyo vizuri, lakini kwa kalori zilizotumika, kifaa kilichofanya vizuri zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya zaidi kwa asilimia 93. Tembea kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, hadi kijiji cha Shela kila asubuhi kwa ajili ya moyo wako na sukari yako, na usiongeze chakula kwa sababu ya namba ya saa.

"Lengo ninalopewa kwa kulipia limepimwa kwa ajili yangu"

Kiwango cha kalori unachopewa hutokana na kanuni ya hesabu, na inayotumika sana ni ile ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke, zidisha uzito wa kilo kwa 10, ongeza urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri uliozidishwa kwa 5, kisha toa 161. Kwa mwanamume, badala ya kutoa 161, ongeza 5. Mwanamke wa kilo 78, sentimita 160 na miaka 45 anapata kalori 1,394 kwa siku akiwa amepumzika, kisha hesabu hiyo huzidishwa kulingana na kazi anazofanya. Penseli hutoa jibu lile lile bila malipo.

Wala si kweli kwamba bila kulipa mtu hapungui. Utafiti wa Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya la Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, wenye washiriki karibu 1,700, uliona kwamba walioandika chakula chao kila siku walipungua mara mbili ya wasioandika kabisa. Kinachosaidia ni kuandika, na daftari la shule linafaa.

Nani basi alipe? Mwanamichezo anayefuatilia protini kwa gramu, na mtu ambaye chakula chake kingi ni cha pakiti, wanaweza kupata thamani ya fedha zao. Anayetumia insulini au dawa zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi asibadilishe kipimo cha dawa kwa kufuata programu yoyote, hasa mwezi wa Ramadhani, kabla ya kuonana na daktari wake.

Na kwa aliyekwisha kulipa akataka kuacha: kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Ingia sehemu ya usajili katika duka la programu ulikolipia, usitishe huko, nawe utaendelea kuitumia hadi muda uliolipiwa uishe. Mama wa Langoni tulimsitishia usajili siku ile ile, na Jumatatu ijayo ataniletea uzito wa sufuria yake.