Je, wajua kwa nini mtoto wa mbwa huja mzima kisha akaugua wiki ya pili?

Ukienda kuchukua mtoto wa mbwa Ujiji kule Kigoma au Isevya pale Tabora unamkuta anarukaruka, anang'ata kandambili za wageni, tumbo limejaa. Unamleta nyumbani na siku za mwanzo mambo ni shwari. Kisha asubuhi moja anagoma kula, jioni anatapika, kesho yake anaharisha damu. Hapo wenye nyumba huanza kulaumiana: nani kampa mifupa, nani kampa kiporo. Mara nyingi chakula kinasingiziwa. Ugonjwa alikuja nao, au aliuokota uani siku ileile alipofika, na umemkuta katika umri mbaya kuliko wote.

Chanzo kiko kwenye maziwa. Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu bila kinga. Huipata kwa kunyonya dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na utumbo wake huweza kuifyonza kinga hiyo kwa takriban saa 24 tu tangu azaliwe. Baada ya hapo hata akinyonya vipi haimwingii tena. Kinga hii ni ya kuazima, kwa hiyo hupungua kila siku. Ile ya parvo, ugonjwa unaoua watoto wengi wa mbwa, hushuka kwa nusu kila baada ya siku kama 10. Mama aliyechanjwa na kulishwa vizuri huwapa wanawe nyingi. Mama aliyekonda, asiyewahi kuona sindano, huwapa kidogo. Hata ndugu wa tumbo moja hawalingani, maana aliyewahi chuchu alipata zaidi ya mdogo aliyesukumwa pembeni.

Sasa tazama mtego ulipo. Kinga ya mama ikiwa bado nyingi mwilini, huipiga chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza lolote. Ikiisha, chanjo hushika. Katikati kuna kipindi, mahali fulani kati ya wiki ya 6 na ya 16, ambapo kinga imeshuka mno isiweze kuzuia kirusi chenyewe, lakini bado inatosha kuharibu chanjo. Kwa kumtazama tu huwezi kujua mtoto wako amefika wapi. Ndiyo sababu sindano hurudiwa: ya kwanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha kila baada ya wiki 3 au 4, na ya mwisho isitangulie wiki ya 16. Aliyechoma moja wiki ya 7 akaishia hapo, huenda amelipia sindano isiyoshika kitu chochote. Halafu hurudiwa baada ya mwaka.

Watu wengi huchukua mtoto wa wiki 8, kipindi ambacho kinga iko njiani kuisha. Juu yake anaongezewa safari ya basi au treni, chakula kipya, maji mapya na usiku wa kwanza bila ndugu zake. Vimelea vya parvo hukaa mwilini siku 3 hadi 7, wakati mwingine zaidi, kabla dalili hazijatokea. Hesabu siku hizo tangu alipofika na utaona kwa nini balaa huangukia wiki ya kwanza au ya pili.

Unapokwenda kuchanja, usione haya kuuliza maswali. Chanjo ya mchanganyiko huja katika vichupa viwili: kimoja kina kidonge cha ungaunga kilichokauka, kingine maji ya kuchanganyia. Huchanganywa mbele yako na kuchomwa hapohapo, haikai ikisubiri mteja wa jioni. Kwenye lebo tafuta herufi DHPPi, na L ikiwepo. D ni distempa (kirusi kinachoshambulia mapafu, utumbo na ubongo), H homa ya ini, P parvo, Pi parainfluenza (kirusi cha kikohozi), L leptospira, bakteria wanaosambazwa na mkojo wa panya. Uliza pia ilihifadhiwa wapi, maana inatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Umeme ukikatika siku nzima na friji haina akiba ya barafu, chanjo imekufa hata kama kichupa kinang'aa. Ukiinunua duka la dawa za mifugo ili mtaalamu aje kuchoma nyumbani, ibebe kwenye chombo chenye barafu, usiitie mfukoni. Bandika lebo kwenye kadi na uandike tarehe. Kadi isiyo na lebo hainishawishi.

Parvo ikishaingia hushambulia ngozi laini ya ndani ya utumbo, hasa zile chembe zinazojizalisha kwa kasi, pamoja na chembe nyeupe za damu. Utumbo unabaki kidonda, chakula hakifyonzwi, bakteria wanapenya kuingia kwenye damu. Kinyesi huwa chembamba, chenye damu, na harufu yake ukishaikuta mara moja huisahau. Kinachoua haraka ni kukaukiwa maji. Vuta ngozi ya mabegani kisha uiachie: isiporudi mara moja, au fizi zikiwa kavu na zinanata kidole, mtoto amepungukiwa maji sana. Huyo anahitaji dripu kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe. Matibabu ni maji, dawa ya kuzuia kutapika na antibayotiki za kudhibiti bakteria, mpaka utumbo ujiponye.

Kirusi hiki ni sugu. Hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Kwenye sakafu ya saruji ondoa uchafu wote kwanza, osha kwa sabuni, kisha mwaga dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, iache dakika 10 ndipo usuuze. Ukiruka hatua ya kuondoa uchafu, klorini huishia kupambana na kinyesi na kirusi kinabaki. Udongo wa uani hausafishiki kwa namna hiyo. Kama mbwa alikufa hapo kwa kuhara damu ndani ya mwaka mmoja uliopita, usilete mwingine mchanga pale. Leta aliyekwisha kumaliza chanjo zake.

Je, umfungie ndani mpaka wiki ya 16? Hapana, na hapa wafugaji wengi huvuka mpaka. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ndipo akili ya mbwa inapoamua kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopwa. Asiposikia bodaboda, adhana, watoto wakicheza mpira na wageni wakibisha hodi katika muda huo, atakuwa mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata. Mbebe mikononi, mpitishe mitaani, asikanyage sokoni, dampo wala kwenye viwanja wanavyozurura mbwa wa mtaa. Akutane na mbwa waliochanjwa tu.

Tatizo la pili humkuta hata kabla hajazaliwa. Mbwa jike huwa na viluwiluwi vya minyoo ya mviringo vilivyolala ndani ya misuli yake. Akishika mimba huamka, na mwishoni mwa mimba hupenya hadi kwa watoto tumboni. Minyoo ya safura nayo hupita kwenye maziwa. Kwa hiyo "mama yake alipewa dawa" si jibu, kwani dawa nyingi haziwafikii wale waliolala. Mpe mtoto dawa akiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi mitatu. Pairanteli, dawa ya minyoo, ni salama kwa umri huo, ilimradi apimwe uzito kwanza. Lile tumbo la mviringo kama ngoma ambalo watu husifu kuwa ameshiba, mara nyingi ni minyoo, hasa kama mbavu na uti wa mgongo vinaonekana juu yake. Fizi zikiwa nyeupe, fikiria safura na viroboto, maana wote hunyonya damu. Zoa kinyesi kila siku na watoto wanawe mikono: mayai ya minyoo hiyo ya mviringo yakimezwa na mtoto wa binadamu, viluwiluwi vinaweza kufika hata kwenye jicho.

Chakula hakihitaji makuu. Kigoma ina dagaa, na dagaa mzima akiliwa na mifupa yake humpa mtoto protini pamoja na kalisi ya kujenga mifupa, kitu ambacho nyama tupu haina. Waoshe mpaka mchanga uishe, loweka kupunguza chumvi, chemsha, kisha ponda. Kwa mtoto wa kilo 3 hivi, anza na gramu kama 50 za dagaa wakavu kwa siku, ugali laini kikombe kimoja na kijiko cha chai cha mawese, ukigawa milo minne. Akifikisha miezi mitatu gawa mitatu, baada ya miezi sita miwili. Mbavu zikihisika kwa vidole bila kuonekana kwa macho, kipimo kiko sawa. Siku za kwanza mpe alichozoea alikotoka, uchanganye kipya kidogokidogo kwa wiki nzima. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Usimmwagie mchuzi wenye vitunguu, huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mtu hasagi kwa ajili yake, asisagiwe mbwa: sumu yake huua ini.

Mtoto mdogo akipitwa na milo miwili anaweza kulegea na kuyumba kwa kuishiwa sukari. Mpake asali kidogo kwenye fizi, Tabora haikosekani, kisha awahishwe kwa daktari. Asali inampa muda tu.

Nyumba nyingi za Ujiji na Tabora mjini mbwa haingii ndani, na hakuna ulazima aingie. Anachohitaji ni kona isiyovuja na isiyopigwa upepo, karibu na mahali anaposikia watu. Boksi lenye gunia linatosha. Usiku wa Juni na Julai Tabora huwa na baridi, kwa hiyo mwekee chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitenge, pamoja na kitambaa chenye harufu ya mama yake ulichokuja nacho. Atalia usiku wa kwanza na wa pili. Kumchapa humfundisha kuogopa mkono wako, basi. Mtoe kujisaidia akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, kila mara sehemu ileile.

Matandiko yaanikwe juani yakauke kabisa. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wa kivulini wenye mkojo au kwenye kitambaa kibichi, na viluwiluwi vyake huingia kwenye ngozi. Ukiona jipu lenye kitundu katikati, na ndani yake kitu kinachezacheza, lipake mafuta mazito ya kujipaka. Buu likikosa hewa hujitokeza, ndipo ulikamue taratibu bila kulipasua.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mara nyingi idara ya mifugo huwa na kampeni kuelekea 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, hivyo uliza ofisi ya kata. Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali bila kusubiri mbwa aonyeshe dalili.

Kupe wakague masikioni, kwapani na katikati ya vidole, kila jioni. Dawa ya josho la ng'ombe isimguse. Imechanganywa kwa ajili ya mnyama wa kilo mia kadhaa, na mtoto wa mbwa atailamba yote manyoyani. Kwa wanaoishi Sikonge, Kaliua, Urambo au Uvinza kuna jambo la ziada: mbung'o wa kwenye misitu ya miombo humwambukiza mbwa nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu. Mbwa aliyefuatana na warina asali akirudi na homa, akikonda, na mboni ya jicho ikageuka rangi ya maziwa yenye ubuluu, usihangaike na dawa ya macho. Mpeleke apimwe damu.