XMP ni nini, na kwa nini RAM mpya haifikii kasi ya kwenye boksi

Siku nilipounga kompyuta yangu ya kwanza nilinunua vijiti viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kizazi cha DDR4, GB 8 kila kimoja, boksi limeandikwa kasi ya 3200 kwa tarakimu kubwa. Windows ilipowaka nikafungua Task Manager, sehemu ya kumbukumbu, nikakuta 2133. Nikajua nimeingizwa mjini. Nikazima, nikachomoa kijiti, nikaisoma stika yake upya: 3200. Kumbe muuzaji hana kosa. Mimi ndiye sikuwasha XMP.

Kila kijiti cha RAM kina chipu ndogo inayotunza maelezo yake, mfano wa kadi ya kliniki ya mtoto. Humo mna kasi za kawaida zilizowekwa na JEDEC, chombo kinachosimamia viwango vya kumbukumbu. Kwenye vijiti vya bei ya juu kidogo mna pia ukurasa wa ziada: kasi kubwa aliyoijaribu mtengenezaji mwenyewe, mapigo ya kusubiri yanayoendana nayo, na volti inazohitaji. Ukurasa huo ndio XMP. Intel waliuanzisha mwaka 2007, enzi za DDR3. AMD wakaja na wao, EXPO, mwaka 2022 pamoja na prosesa zao za Ryzen 7000. Kwenye baadhi ya bodi (ubao mama) za Asus utaukuta kwa jina la DOCP. Usibabaike, kazi ni ileile.

Kompyuta inapowaka mara ya kwanza, ubao mama haujui prosesa yako inabeba kiasi gani, kwa hiyo unachukua kasi ya JEDEC ambayo kila mtu anaimudu. Mpaka uingie BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama unayoifungua kabla Windows haijawaka, uuambie usome ule ukurasa wa ziada, 3200 yako inabaki maandishi ya boksi.

Je, ni salama? Kwa kiasi kikubwa ndiyo, ila wauzaji wengi hawasemi kwamba huku ni kuikimbiza RAM kupita kiwango, na Intel na AMD wote wanalihesabu hivyo. DDR4 kwa kawaida hutumia volti 1.2, XMP ya 3200 mara nyingi huipandisha hadi 1.35. Kijiti chenyewe hakina shida, kimejaribiwa kwa volti hizo. Ambayo haikujaribiwa ni prosesa yako. Kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani yake, na mara nyingi ndicho kinachochoka kwanza. Ryzen 7000, kwa mfano, AMD wanaidhamini kwa DDR5 ya 5200 ukiweka vijiti viwili, lakini vikiwa vinne inashuka hadi 3600. Watu wengi wanaikimbiza kwa 6000 na mambo yanakwenda, ila hapo wako nje ya ahadi. Kwa sababu hiyo, tafadhali, nunua vijiti viwili vya boksi moja. Habari ya "viwili sasa, viwili mwisho wa mwezi" imewaliza wengi.

Kuna kisa cha 2023 cha kukumbuka. Baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 zenye X3D kwenye jina ziliungua zikiwa kwenye bodi zilizopandisha mno volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu), na kuwasha EXPO kulikuwa kunachochea. Watengenezaji wa bodi, kwa maelekezo ya AMD, wakatoa BIOS mpya zinazozuia volti hiyo isivuke 1.3. Kwa hiyo sasisha BIOS kwanza, kisha ndipo uguse kasi. (Usisasishe siku ambayo umeme unacheza. Ukikatika katikati unaweza kubaki na bodi iliyokufa.)

Kuwasha kwenyewe ni dakika moja. Vijiti viwili viwe kwenye tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, maana bodi nyingi zinataka hivyo. Bonyeza Delete au F2 kompyuta inapowaka, chagua profaili ya XMP au EXPO, hifadhi. Ukiwa na DDR5 skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa, ubao mama ukiipima RAM. Subiri. Ikigoma kabisa, zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya CR2032 kwa dakika chache, na BIOS itarudi ilikotoka.

Windows kuwaka si ushahidi. RAM iliyozidiwa si lazima ikupe skrini ya bluu. Inaweza kukosea kimyakimya, ukaja kugundua baada ya wiki kwamba picha ulizohamisha zina mistari katikati. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache usiku kucha imalize mizunguko minne ya toleo la bure. Kosa hata moja ni kosa. Likitokea shuka ngazi moja, kutoka 6000 hadi 5600, au 3200 hadi 3000, upime tena. Tofauti hiyo kwa macho huioni.

Yangu ilimaliza bila kosa. Asubuhi nikafungua CPU-Z, programu inayoonyesha maelezo ya prosesa na RAM, nijipongeze, ikaniandikia 1600. Safari hii sikuchomoa kitu: DDR hupeleka data mara mbili kwa kila pigo la saa yake, na CPU-Z huhesabu mapigo, wakati boksi huhesabu safari za data.