Je, nguo kuukuu haifai kushonewa kitu kipya?

Wengi huamini kwamba nguo iliyovaliwa kwa miaka imekwisha nguvu, hivyo mkoba au mfarishi ulioshonwa kwa vipande vyake utachanika upesi. Hata hivyo, kwa kawaida nguo haichakai kwa usawa: suruali ya jinzi huisha magotini na baina ya mapaja, ilhali kitambaa cha nyuma, chini ya goti, hubaki imara. Tena, pamba iliyofuliwa mara nyingi huwa imekwisha kurudi na kuchuja rangi ya ziada, jambo ambalo mshonaji wa kitambaa kipya bado hulihofia. Huko Bengal, eneo la India na Bangladesh, mifarishi ya kantha imeshonwa tangu zamani kwa sari kuukuu zilizopangwa tabaka na kushikwa kwa mishono midogo.

Anayetaka kuhakikisha akiinue kitambaa mbele ya dirisha, na mahali nyuzi zilipoachana apakwepe anapokata. Kisha akivute kwa vidole gumba, kwa urefu na kwa upana, na kikitoa mlio wa nyuzi kukatika akiweke kando. Mapazia ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi, kwani jua huyadhoofisha hata yanapoonekana mazima.