Dawa za kuzuia beta na kazi ya serotonini kwenye ganglia

Ganglia ni fundo la seli za neva lililo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Ishara ya neva hufika hapo, hupokezwa seli ya pili kwa kemikali ya asetilikolini, kisha huendelea hadi kwenye moyo, utumbo au mishipa ya damu. Serotonini, kemikali nyingine ya neva, siyo inayopitisha ishara hasa hapo. Kazi yake ni kuikuza au kuififisha ishara inayopita. Ikinasa kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali, vya aina ya 5-HT3 (5-HT ni jina jingine la serotonini), seli husisimka mara moja. Ikinasa kwenye 5-HT1A, kwa kawaida seli hutulia.

Sasa propranololi, mojawapo ya dawa za kuzuia beta, inahusikaje? Dawa hii, iliyobuniwa na kundi la James Black nchini Uingereza miaka ya 1960, ililenga kuziba vipokezi vya beta ili adrenalini isiupeleke moyo mbio. Lakini kipokezi cha 5-HT1A kina undugu wa karibu na vile vya beta, kiasi kwamba propranololi na mwenzake pindololi hukinasa pia. Atenololi, dawa nyingine ya kuzuia beta, hukinasa kwa udhaifu mno.

Hapo ndipo tafsiri huharibika. Ganglia ikiwekewa propranololi na athari ya serotonini ikapungua, ni rahisi kudai kwamba serotonini hupitia vipokezi vya beta. Si lazima. Huenda dawa imeziba vipokezi vya serotonini vyenyewe. Au, kipimo kikiwa kikubwa, imeitia neva ganzi tu kwa kufunga njia za sodiamu, ambazo neva huzihitaji ili kupitisha ishara. Sababu hii ya tatu husahaulika mno, ingawa ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Ukaguzi wenyewe ni mzuri kuutazama. Propranololi ina maumbo mawili yanayotazamana kama viganja vya mikono. Kwenye beta, umbo moja lina nguvu takriban mara 100 kuliko jingine, na kwenye 5-HT1A pia ndilo linalotangulia. Katika kutia ganzi, maumbo yote mawili yana nguvu sawa. Yote mawili yakipunguza athari kwa kiwango kilekile, ni ganzi. Umbo moja tu likipunguza athari, hujaribiwa atenololi: isipobadilisha kitu, shaka huhamia kwenye vipokezi vya serotonini. Na msisimko unaokomeshwa na ondansetroni, dawa inayoziba vipokezi vya 5-HT3, ni wa 5-HT3, ambako propranololi haina nguvu ya maana.